Huyo wifi unayetaka kumfukuza ndiye anayemwandaa mwanao

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mwanangu wa kwanza ana miaka 13, amemaliza shule ya msingi akiwa wa kwanza darasani, na baada ya wiki sita anaanza sekondari. Nimemtafutia mwalimu wa twisheni na anakariri vitabu vya kidato cha kwanza kila siku. Analala saa tano usiku, namwamsha saa kumi alfajiri. Baba yake hajishughulishi kabisa, kazi yake ni kumtembeza tu. Juzi walipanda basi mpaka hiyo shule mpya wakarudi, siku nzima ya masomo ikapotea. Kinachonikera zaidi ni mdogo wa mume wangu, msichana wa miaka 17 anayesoma kidato cha nne na anaishi nasi. Huyo msichana anampotosha mtoto. Anamfundisha kufua, anamsimulia habari za walimu wakali na wanafunzi wababe. Wana daftari lao, nikiingia wanalifunga. Wiki iliyopita nilimkuta mwanangu analia. Mimi aliniambia hakuna kitu, kumbe huyo msichana alishaelezwa yote. Mume wangu anamtetea dada yake. Nataka arudi kwao kabla shule hazijafunguliwa. Nimwambieje mume wangu anielewe?*

Marahaba, mwanangu. Pole. Mtoto uliyembeba mgongoni akipeleka machozi yake kwa mtu mwingine, moyo wa mama lazima uume, na uchungu huo siubezi. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika mwisho nakuta mshtakiwa hana kosa, mwenye kosa ndiye aliyeandika.

Umeniuliza umwambieje mume wako. Hukuniuliza mtoto alikuwa analilia nini. Wala hukuandika kwamba ulirudi baadaye, ukakaa naye kitandani, ukamuuliza tena. Uliambiwa "hakuna kitu" ukaondoka na hasira zako kumtafuta wa kumlaumu. Na wifi yako umemwita "huyo msichana" kila mahali, kana kwamba ni mpita njia aliyeingia kwako kuomba maji.

Sasa tuhesabu pamoja. Saa tano usiku mpaka saa kumi alfajiri ni saa tano za kulala. Mwaka 2016 jumuiya ya madaktari wa usingizi wa Marekani ilieleza kwamba kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila siku. Mwanao anapata tano tu, na hiyo ni likizo, shule haijaanza! Tena umri huu saa ya mwili wenyewe inasogea mbele: usingizi unamjia kijana kwa kuchelewa na asubuhi unagoma kumwachia. Unayemwamsha saa kumi si mvivu. Ni mtoto anayekua, na huenda machozi yale yalikuwa ya uchovu mtupu.

Na huko kukariri kunamsaidia nini? Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: ndani ya saa moja tu zaidi ya nusu ya alichokariri kilikuwa kimempotea. Kilichobaki kilidumu kwa kurudiwarudiwa siku mbalimbali. Mtoto anayemeza kanuni za fizikia asizozielewa, kwa haraka, usiku, macho yakifumba, anameza silabi zilezile. Mwalimu atazifundisha upya mwezi wa kwanza, na mwanao atakuwa ameshazichukia.

Mwanangu, wengi wanaoyumba mwaka wa kwanza wa sekondari hawayumbishwi na ugumu wa masomo peke yake. Huku msingi mtoto alikuwa na mwalimu mmoja au wachache waliomjua, wakajua akinyamaza ana jambo gani. Kule kila somo lina mwenyewe. Huyu anataka kazi kwenye daftari, yule anataka kwenye karatasi, mwingine hakumbushi kabisa, anakusanya tu siku ikifika. Kazi za masomo manne zinaangukia siku moja na hakuna mwalimu anayejua mwenzake ametoa nini. Kwa hiyo mtoto anahitaji kujua kusoma ratiba, kuandika tarehe ya kila kazi siku ileile aliyopewa, kupanga begi usiku, na zaidi ya yote kunyanyua mkono na kusema, "Mwalimu, hapa sijaelewa." Mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza hilo la mwisho linamshinda kuliko wote, kwa sababu hajawahi kulihitaji. Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Muhula mzima nilikaa na hesabu nisizozielewa, nikiona aibu kuuliza, na nyumbani hakuna aliyejua kwa sababu daftari langu lilikuwa safi.

Ndiyo maana wa kwanza wako ananitia hofu kuliko angekuwa wa kumi. Jogoo wa shamba hawiki mjini. Darasa lile jipya limejaa watoto waliokuwa wa kwanza walikotoka. Mtafiti Herbert Marsh alilieleza jambo hili mwaka 1987: mwanafunzi wa uwezo uleule hujiona dhaifu akikaa kati ya wenzake wenye uwezo mkubwa. Akili yake haijapungua, kipimo chake ndicho kilichobadilika. Je, umemwambia kwamba anaweza kuwa wa kumi na nne na bado ukampenda vilevile? Barua yako inanionyesha hujamwambia. Inanionyesha anajua kabisa kwamba hana ruhusa ya kushuka.

Nimtazame sasa huyo baba asiyejishughulisha. Alimpandisha mtoto basi, wakaenda hadi shule mpya, wakarudi. Kwa hiyo mtoto sasa anajua njia, anajua kituo cha kushukia, ameliona lango, na siku ya kwanza hatasimama barabarani akitetemeka. Hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizofanyika nyumbani kwako likizo hii, nawe umeiita siku iliyopotea. Mume wako ana haki ya kukasirika.

Na wifi yako je? Anamfundisha kijana wa miaka 13 kufua sare yake. Upotoshaji uko wapi hapo? Anamwambia mwalimu fulani ni mkali ili asishtuke akikaripiwa. Anamwambia wababe wapo, na bila shaka amemwambia pia asikae peke yake, asijibu kwa ngumi, na amwendee mtu mzima mapema kabla mambo hayajakomaa. Hayo twisheni haifundishi. Wewe umeyasahau, mimi nimeyasahau, mwalimu aliyaona kutoka mbele ya darasa. Yeye ameyapitia miaka minne tu iliyopita. Shule nyingi huwapa wanafunzi wa madarasa ya juu kazi ya kuwashika mkono wageni kwa sababu hiyohiyo, maana mdogo humwamini zaidi aliyetoka juzi pale anapokwenda yeye. Wewe umepewa mtu huyo bure, chini ya paa lako, naye mwaka huu ana mtihani wake mwenyewe wa kusomea. Muda anaompa mwanao anautoa kwenye muda wake.

Hapa naomba wasomaji wengine pia mnisikilize. Ndoa za siku hizi tumezijenga kama chumba chenye mlango mmoja: mume, mke na watoto, basi. Ndugu yeyote akibisha hodi anahesabiwa mvamizi, hasa akiwa wa upande wa mume. Akikaa kimya anaringa, akisaidia anajipendekeza, akipendwa na watoto amewaroga. Kisha tunalalamika kwamba kulea kumetuchosha. Mkono mmoja haulei mwana, wazee walisema, nasi tunaikata mikono mingine kwa hiari yetu halafu tunalia maumivu. Mwanamke mwenzangu, mtoto akimpenda wifi yako, mapenzi yake kwako hayakupunguziwa chochote. Na mume akimtetea dada yake aliyeonewa, hajakusaliti. Ningemshangaa zaidi angenyamaza.

Kwa hiyo sitakufundisha maneno ya kumwambia mume ili binti wa watu afungashe. Kwanza mwombe radhi wifi yako, kwa jina lake. Halafu mwambie ukweli wako: kwamba unaogopa, kwamba mtoto anakuacha nawe hujui kule anakokwenda kukoje. Muulize akufundishe na wewe. Daftari lao usilipekue mtoto akiwa bafuni. Waombe wakuonyeshe wakipenda, na wakikataa kurasa mbili tatu, ziache. Nadhani humo mna maswali ambayo mwanao aliona haya kukuuliza, na mengine yatakuwa ya mwili wake unaobadilika. Hayo mshirikishe baba yake.

Twisheni ibaki siku mbili tu kwa wiki, kwa somo lile tu analoliona zito, na mwalimu aeleze, asikaririshe. Saa zinazobaki acheze, afue, apange begi lake hata kama ni tupu, ajifunze kuamka kwa kengele ya saa pasipo sauti yako. Ukipata jioni yenye utulivu, mwambie maneno yale ya kuwa wa kumi na nne. Usiyaseme ukiwa umesimama mlangoni. Kaa chini, na akianza kulia usimnyamazishe.

Na kesho saa kumi alfajiri pita mlangoni kwake polepole. Mwache alale.