Dada, usiuze shamba la Hombolo

Shikamoo dada. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza kama uuze shamba la zabibu umlete mwanao Neema huku Uingereza, maana umeambiwa selimundu, huo ugonjwa wake wa damu wa kurithi, inatibiwa bure. Nakujibu wazi, kwa sababu mtoto huyo nampenda kama wangu, na shamba lile ndilo linalosomesha wenzake.

Usiuze.

Mimi silipi nikienda hospitali kwa sababu nilishalipa. Kwenye viza yetu kila mtu mzima hutozwa ada ya afya pauni 1,035 kwa mwaka, na miaka yote ya viza unailipa kwa mkupuo siku unapoomba. Mwenye viza ya matembezi hayumo humo. Daktari wa mtaa atamwona bure, ya dharura pia ataangaliwa, lakini akilazwa tu, bili inakuja asilimia 150 ya gharama yenyewe. Shamba litaisha kabla mtoto hajapona.

Kilicho kizuri huku ni kupima. Mimba yangu ilipokuwa changa, mkunga aliniuliza asili ya wazazi wangu na ya wakwe, akachukua damu. Majibu: nina AS, yaani nimebeba chembe ya selimundu ila mwenyewe siumwi. Mume wangu akapimwa, naye AS. Niliketi kituo cha basi nikayaacha mabasi yapite, namkumbuka marehemu kaka yetu, vidole vimemvimba, analia usiku kucha, na majirani wanasema karogwa. Kumbe ilikuwa damu yetu wenyewe. Mwanangu alipotimiza siku tano mkunga alikuja nyumbani, akamchoma kisigino, akajaza damu kwenye miduara minne ya kadi. Huku England kila mtoto mchanga hupimwa hivyo, awe wa rangi yoyote. Wangu alitoka AS, haumwi. Ila kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa, haijalishi waliotangulia wakoje.

Usidhani hata hivyo kwamba mgonjwa huku anaheshimiwa. Nilimsindikiza rafiki yangu mwenye selimundu hospitali, maumivu yamembana hawezi kusimama, muuguzi akamwona kama mtu anayetafuta dawa za kulevya. Tulisubiri saa nyingi, mimi nambembeleza tu. Mwaka 2019 kijana Evan Nathan Smith, miaka 21, alipiga simu ya dharura akiwa kwenye kitanda cha hospitali London, anaomba oksijeni. Alifariki. Nikimfikiria Neema peke yake wodini, Kiingereza hajui, naumia.

Na hapo Dodoma mna Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambayo tangu 2023 inawapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, watoto wenye selimundu. Sisemi Neema atafaa. Hilo ni la madaktari, na wanahitaji ndugu wa damu anayeshabihiana naye. Ndiyo maana nataka uwapeleke wote, hata yule mdogo anayecheza mpira kutwa. Shemeji naye apime, asikwepe. Uliza pia kuhusu dawa ya haidroksiurea, inapunguza zile siku za maumivu.

Nauli na vipimo natuma mimi Ijumaa. Majibu yakitoka, piga picha karatasi zote unitumie, za watoto na zenu.