Maswali ya Wasomaji: Hiki Kipande Kimetoka Kwenye Kamera Gani?

Safari hii barua nyingi zimekuja kuhusu propu za muvi za anga, yaani zile silaha na mitambo ya kuigizia, na watu wanataka kujua vipande vyake vimetoka wapi, maana kumbe vingi vilitoka kwenye kamera za zamani. Tumechagua maswali manne, la kwanza tumelipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linaloulizwa na wengi.

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nimeuziwa bomba la chuma linalong'aa, muuzaji anasema ni mpini wa flashi ya Graflex, ule ule uliotumika kutengenezea upanga wa mwanga wa Luke Skywalker kwenye Star Wars. Nimelinganisha na picha mpaka macho yanauma, nyingine zinafanana nyingine hapana. Nitajuaje kama ni yenyewe?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kwanza picha ziweke pembeni kidogo, kwa sababu picha nyingi unazoziona ni za propu, au za nakala za propu, na propu tayari ilishabadilishwa. Anza kwa kujiuliza hiki kitu kilikuwa kinafanya kazi gani kabla hakijaingia kwenye muvi. Ukishajua kazi yake kitakueleza chenyewe.

Graflex ilikuwa kampuni ya Rochester, New York, hao ndio waliotengeneza Speed Graphic, ile kamera kubwa ya wapiga picha wa magazeti wa Marekani. Pembeni ya kamera ilikuwa inafungwa flashi: juu bakuli la kurudisha mwanga, katikati ya bakuli balbu inayowaka mara moja tu halafu unaitupa, chini mpini, na ndani ya mpini betri. Toleo linalotafutwa na wapenzi wa muvi ni la betri tatu za saizi D. Sasa hapo ndipo pa kushika, maana betri ya D haijabadilika, ina unene wa milimita 34 na kidogo na urefu wa milimita 61 na nusu hivi. Kwa hiyo tafuta betri tatu, zitumbukize. Zikikataa kuingia, au zikaingia zikawa zinacheza kama mbegu kwenye kibuyu, hilo bomba halikutengenezwa kuzibeba. Zikiingia mbili tu usikate tamaa haraka, kwa sababu Graflex walitoa pia mpini mfupi wa betri mbili, ni halisi kabisa ila sio ule wa upanga.

Baada ya hapo tazama maungio. Mpini halisi unaachana vipande viwili, wa chini ndio wa betri na wa juu ndio wenye soketi ya balbu, na palipoungana panazungukwa na klampu yenye wenzo wa kukaza, hiyo klampu ndiyo iliyokuwa inaushika mpini kwenye kamera. Kwenye kile kipande cha juu utakuta kitufe chekundu, na kileleni kuna vile vibati viwili vilivyosimama kama masikio vya kushikia bakuli. Watu wa muvi walilitoa bakuli, masikio yakabaki, ndo maana kwenye upanga yanaonekana kama mapambo yasiyo na maana wakati yalikuwa na kazi yake.

Halafu jua walichoongeza wao. Aliyefanya kazi hiyo ni Roger Christian, mpambaji wa seti wa ile muvi ya 1977, bajeti ilikuwa ndogo, akazikuta hizo flashi kwenye duka la vifaa vya picha London. Akabandika vipande virefu vya mpira kwa gundi kuzunguka sehemu ya chini ili mkono upate kushika, akaweka pete ya kuning'iniza kwenye mkanda, na kwenye klampu akachomeka ule ukanda wa plastiki wenye vinundu uliokuwa unakuza tarakimu kwenye kikokotoo cha mkononi cha wakati huo. Mi naona ule ukanda ndio ufundi wenyewe, kitu cha kusomea namba kimekaa pale na ukikitazama unaamini kabisa ni taa za mtambo wa nguvu. Lakini sasa elewa, ukikuta mpini una mpira, una pete na una vinundu, hiyo sio dalili ya uhalisia hata kidogo, ni dalili kwamba kuna mtu ameshaubadilisha, au ni nakala iliyotengenezwa hivyo tangu mwanzo. Uliotoka kiwandani ni mtupu.

Chungulia na ndani kwa tochi. Bomba halisi ni shaba ya njano iliyopakwa nikeli au krome, kwa hiyo kwenye kingo zilizosuguliwa miaka mingi unjano unajitokeza, na mara nyingi chini kabisa kwenye springi utakuta ukoko wa kijani au mweupe wa betri zilizovuja. Watu wanausugua huo ukoko uishe, mi nasema usifanye hivyo kabla hujajua unachomiliki, huo ni ushahidi. Jina la Graflex likiwepo ni vizuri ila lisikutoshe, nakala nazo zinachapwa jina.

Na usishangae ukigundua umepata flashi ya zamani kweli ila sio Graflex. Upanga wa Darth Vader kwenye muvi hiyo hiyo ulitengenezwa kwa flashi ya Uingereza, MPP Microflash, na Heiland wa Marekani nao walikuwa na mipini ambayo kwa mbali inafanana na Graflex. Wa Obi-Wan Kenobi ndio unaowachanganya wengi, sehemu yake kubwa haikutoka kwenye kamera kabisa, mle kuna bomba la injini ya ndege ya jeti ya Rolls-Royce, guruneti la kurushwa kwa bunduki la Vita Kuu ya Kwanza na kishikio cha bomba la maji! Kwa hiyo kung'aa peke yake sio ushahidi.

Ombi langu moja, na naliomba kwa moyo wote: ikiwa ni Graflex halisi usiikate wala usiibandike gundi. Nakala nzuri zipo, zinatengenezwa mahususi kwa wanaotaka upanga. Flashi zenyewe hazitengenezwi tena, na kuna watu bado wanapiga picha na Speed Graphic, wanazihitaji zifanye kazi yake.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina sanduku la propu la mtu aliyekuwa anatengeneza maroboti ya maonyesho. Kwenye kifua cha roboti moja kuna kiduara cha chuma chenye namba 1, 2, 5, 10, 25, 50, 100 na herufi B na T, pembeni kuna kiswichi cha M na X. Wengine wanasema saa, wengine wanasema kipimo cha gesi. Ni nini hiki?

JIBU: Marahaba. Hiyo ni shata ya lenzi, yaani kile kilango kinachofunguka na kufunga ili mwanga uingie kwenye kamera, na umeandika vizuri mpaka umejijibu nusu. Hizo namba ni sehemu za sekunde, 25 maana yake moja ya ishirini na tano. B ni kubaki wazi muda wote ulioshikilia kitufe, T unafungua kwa kubonyeza mara moja na kufunga kwa kubonyeza tena. Mpangilio wa 25, 50, 100 ni wa zamani, baadaye viwanda vilihamia 30, 60, 125. Herufi M ni kwa balbu za kuwaka mara moja, shata inasubiri kidogo sana mpaka balbu ifike kilele cha mwanga ndio inafunguka, X ni kwa flashi ya umeme ambayo haina kusubiri. Kwa hiyo imetengenezwa kipindi ambacho flashi zote mbili zilikuwa zinatumika.

Soma maandishi kwenye ukingo. Jina likiwa Compur au Prontor hiyo shata ni ya Ujerumani, na ukikuta DRP au DRGM ni alama za hataza za Ujerumani za mpaka wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kama lenzi bado ipo na ni ya Kodak ya Marekani, mbele ya namba yake tafuta herufi mbili, halafu andika neno CAMEROSITY na uzipe herufi zake tarakimu kwa mfuatano, C ni 1, A ni 2, M ni 3, E ni 4, R ni 5, O ni 6, S ni 7, I ni 8, T ni 9, Y ni 0. Lenzi yenye EO ni ya 1946. Herufi mbili tu, mwaka umeupata, mi hii naipenda sana.

SWALI: Nataka kutengeneza jicho jekundu kama la HAL 9000, ile kompyuta ya kwenye muvi ya 2001: A Space Odyssey. Nimepata lenzi ya zamani ambayo kioo chake kina rangi ya chai. Naweza kuikata ili ienee?

JIBU: Hapana, tafadhali usiikate na usiisugue. Kioo cha rangi ya chai kwenye lenzi za zamani mara nyingi ni kioo chenye toriamu, ambayo ni madini ya mionzi, Super-Takumar za milimita 50 za f/1.4 ni mfano unaojulikana. Ikikaa kwenye kamera wapigaji wanaitumia bila shida, hatari ni vumbi lake likiingia mapafuni. Ile rangi inapungua ukiiacha juani siku nyingi.

Na kwa kuwa umemtaja HAL, lile jicho kwenye muvi ya 1968 ni lenzi ya Nikkor ya milimita 8 f/8, lenzi ya jicho la samaki inayoona nyuzi 180. Ila zile picha za kile ambacho HAL mwenyewe anakiona zilipigwa kwa lenzi nyingine, Fairchild-Curtis, watu wanazichanganya kila siku. Kinachokupa ule mwonekano ni kioo cha mbele kilichovimba pamoja na taa nyekundu nyuma yake, kwa hiyo kuba la akriliki, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, linakutosha kabisa.

SWALI: Naweza kufungua flashi ya umeme ya zamani nitoe vipande vya kupamba bunduki ya propu?

JIBU: Kama huna uzoefu wa umeme usifungue. Kapasita ya ndani, yaani kile kipande kinachohifadhi umeme, inabeba volti 300 na zaidi, na inaweza kubaki na chaji muda mrefu hata betri zikiwa zimetolewa. Mpe fundi aitoe chaji kwanza, akishamaliza chukua ganda, vitufe na kioo cha mbele, hivyo ndivyo vinavyoonekana kwenye propu.