Breki kulia hata baada ya pedi mpya
Ndugu yangu, umefunga pedi mpya hapo Malindi na breki bado zinalia. Usizilaumu pedi kwanza. Vua tairi, pitisha ukucha juu ya diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi. Ukikwama kwenye mifereji, pedi mpya zimekalia uso mbovu. Chumvi ya bahari huku kwetu hula chuma, hasa gari likilala nje.

Peleka diski mbili za mbele zichongwe, lakini zipimwe kabla: unene wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa kawaida umegongwa kwenye diski yenyewe. Zikishuka chini ya hapo nunua mpya, tafadhali, usibanie pesa. Pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, zipake grisi ya kustahimili joto. Kisha shika njia ya Mambrui, punguza mwendo taratibu kutoka kilomita 50 kwa saa, rudia mara 10 hivi bila kusimama kabisa, ili pedi na diski zizoeane.