Mkono Wangu Ulikuwa Gotini

Wiki iliyopita nimefaulu mtihani wa simuleta ya Boeing 777, na tangu niwaambie, marubani wenzangu, hamjaacha kuniuliza safari hii nilifanya nini. Nitajibu, ila lazima nianze na ile mara niliyofeli, maana bado inaniuma.

Tulikuwa tunakaribia kutua, tuko juu kuliko njia ya kushukia. Nikabonyeza FLCH, kitufe cha kubadili kimo, tushuke upesi. Otothroto, mfumo unaoongoza nguvu za injini wenyewe, ikavuta nyenzo za nguvu nyuma kabisa, injini zikatulia. Nikazima otopailoti, nikashika ndege mwenyewe, moyoni nikijua otothroto bado imewashwa, basi mwendo una mlinzi. Juu ya kioo cha vipimo mbele yangu palikuwa pameandikwa HOLD. Nililiona neno hilo, sikulisoma. Maana yake otothroto imeziachia nyenzo na haitazigusa hata mwendo ukiporomoka. Na mkono uliotakiwa kuwa juu ya nyenzo ulikuwa gotini.

Mtahini akasimamisha zoezi. Akaniambia mbele ya mwenzangu: "Leo ulikuwa abiria." Mimi, mwenye saa zaidi ya 4,000 angani!

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najua habari ya ajali ya San Francisco, 6 Julai 2013. Ilikuwa 777, na neno lilikuwa HOLD hilohilo. Mwendo uliotakiwa ulikuwa noti (maili za baharini kwa saa) 137. Ukashuka hadi karibu 103 kabla mkia haujagonga ukuta wa bahari. Watu 3 walikufa.

Sasa neno likibadilika juu ya kioo nalitamka kwa sauti, mwenzangu analithibitisha. Mkono hautoki kwenye nyenzo mpaka tumetua. Mwendo ukiwa noti 5 chini ya unaotakiwa, siungoji mfumo ujirekebishe: kidole gumba kinaizima otothroto, nasukuma mwenyewe. Ninyi wa Airbus, nyenzo za ndege zenu nyingi hazisogei mfumo unapofanya kazi, kwa hiyo mkono hautawaambia kitu. Macho yasibanduke kwenye mwendo na nguvu za injini.

Ndugu zangu, lisomeni neno. Lisomeni hata mkiwa mmechoka, hata mkiwa mmeliona mara elfu. Walioketi nyuma hawana kioo hicho. Wana ninyi tu.

Wiki iliyopita mtahini alikuwa yuleyule, zoezi lilelile. Nilipotamka "HOLD" na kusukuma nyenzo, aliandika kitu kwenye karatasi yake, hakusema neno.