Bega la mama linauma, eksirei safi: kupimwa kwa mkono kunaonyesha nini?

Mkuu, umesema bega la mama yako huko Kibosho lina miezi linamsumbua, eksirei haikuonyesha kitu, na daktari "alimchezea mkono tu" akamwandikia mazoezi. Mimi ni mtu wa fiziotherapia hapa Moshi. Huko kuchezewa mkono ndiko kupimwa kwenyewe, maana eksirei ya kawaida huonyesha mifupa, kano (kamba zinazoshikiza msuli kwenye mfupa) haizionyeshi.

Mgonjwa akija naanza na shingo. Akigeuza kichwa maumivu yakashuka na ganzi hadi vidoleni, bega linasubiri, huenda chanzo ni shingo. Kisha anyanyue mkono mwenyewe kupitia ubavuni. Akiumia hapo katikati, kati ya nyuzi 60 na 120, halafu juu zaidi akapata nafuu, nashuku kano za bega. Hili huwapata sana wanaofanya kazi mikono ikiwa juu, kama mafundi rangi.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni rahisi mno. Kiwiko kikunjwe na kibanwe ubavuni, kisha kiganja kipelekwe nje, mbali na tumbo. Afanye mwenyewe kwanza, halafu nimsaidie taratibu. Akishindwa yeye lakini mimi nikaufikisha mkono, kiungo kiko huru. Tatizo liko kwenye msuli au kano, pengine imechanika. Tukishindwa wote wawili, ama kiungo kimelika ama bega limeganda, yaani limekakamaa. Hapo ndipo eksirei safi ya mama inapokuwa na maana: kulika kungeonekana. Bega lililoganda huwapata sana wenye kisukari, kwa hiyo kama hajapimwa sukari, apimwe.

Vipimo vya Neer na Hawkins, vya kunyanyua na kuzungusha mkono ili kano zibanwe, navifanya pia, ila sivitegemei peke yake. Bega bovu la aina yoyote linaweza kulalamika ukilibana hivyo.

Na asikubali kuchuliwa kwa kuvutwa mkono kwa nguvu, hata kama mchuaji anasifiwa kijiji kizima. Kama ni bega la kushoto, na linauma akipanda mlima huku kifua kinabana na jasho linamtoka, hiyo si kesi yangu, mkimbize hospitali akaangaliwe moyo.

Kama hakuanguka wala kuteguka, mjaribishe hicho cha kiwiko pande zote mbili ulinganishe, bila kulazimisha, kisha uandike hapa mkono umeishia wapi.