Sare yangu ni ya Al-Ram, 2009

Mhariri,

Swali lenu la wiki, "Ni sare gani uliyoifurahia kuliko ushindi?", najua litawaletea barua za Simba na Yanga gunia zima. Ile 3–3 ya Oktoba 2013, Yanga wanakwenda mapumziko wakiongoza kwa matatu na Simba wanarudi kuyakomboa yote, hata mimi niliruka, sikatai. Lakini yangu ni nyingine: Palestina 2, Jordan 2, mechi ya kirafiki ya wanawake, Oktoba 2009, mjini Al-Ram, nje kidogo ya Yerusalemu.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya taifa ya wanawake wa Palestina kucheza mechi ya kimataifa kwao. Uwanja unaitwa Faisal Al-Husseini, na ule ukuta uliojengwa na Israeli unapita jirani yake. Walijaa watu zaidi ya 10,000, wengi wao wanawake. Wachezaji wengine walivaa mitandio na taiti, wengine bukta tu na nywele wazi, wote timu moja, na sikusikia kwamba kuna aliyekosa pasi kwa sababu ya nguo. (FIFA wenyewe walikuwa wakisumbua watu kwa mitandio miaka hiyo. Wairani walizuiwa kucheza mjini Amman mwaka 2011 kwa sababu hiyo, na ruhusa rasmi haikuja hadi 2014. Sisi wa Unguja tulishangaa, maana wasichana wetu walikuwa wakikimbia na mitandio yao bila kumwomba mtu ruhusa.)

Sasa kwa nini sare, tena ya kirafiki, isiyo na pointi wala kikombe? Nitawaeleza kwa saruji.

Timu ile ilianzia Chuo Kikuu cha Bethlehemu mwaka 2003. Mkuu wa michezo wa chuo, Samar Araj Mousa, aliwakusanya wasichana wachache, mmoja wao Honey Thaljieh, aliyekuja kuwa nahodha na baadaye akafanya kazi FIFA. Mazoezi yao yalikuwa kwenye uwanja mdogo wa saruji. Hapo ndipo waliponishika, maana mimi nimefundisha wasichana wa skuli miaka tisa kwenye uwanja wa netiboli, na najua saruji inavyomdanganya mchezaji. Mpira ukidunda kwenye saruji unapanda mpaka kifuani, basi mtoto anazoea kuungoja. Mpeleke kwenye nyasi: mpira haupandi, unamfia miguuni, yeye keshainua goti kama kuku. Beki wa saruji hajirushi chini kuuchomoa mpira, kwa sababu alijirusha siku moja tu na ngozi ya paja ikabaki pale. Kipa naye anaokoa kwa miguu. Pasi ndefu kwao ni hatua ishirini. Siku ya kwanza niliyowapeleka wangu kwenye uwanja kamili, kufika dakika ya 30 winga wangu alikuwa ameshika kiuno, anautazama mstari wa goli kama anayeitafuta Bagamoyo akiwa Forodhani.

Wasichana wa Bethlehemu wakitaka nyasi walikwenda Yeriko. Si mbali kwenye ramani, ila njiani kuna vizuizi vya jeshi, na saa ya kufika anaipanga askari. Wenzao wengine walikuwa Gaza, na wa Gaza hawakuweza kuja kufanya mazoezi na wa Ukingo wa Magharibi. Walikutana nje ya nchi, kama mwaka 2005 kule Jordan kwenye mashindano ya Asia Magharibi. Aliyewahi kucheza beki ya kati anajua kwamba kumzoea mwenzio, kujua lini atapanda na lini atabaki, ni kazi ya msimu mzima. Wao walipewa siku chache hotelini. Walifungwa sana, na sioni ajabu.

Na hao Jordan waliokuja Al-Ram hawakuwa vibonde. Walikuwa mabingwa wa Asia Magharibi mwaka 2005 na tena 2007. Kuwazuia 2–2 ni kazi, hata kama una uwanja wa mazoezi mlango wa pili.

Kuna jingine, na hili Mzanzibari analielewa bila kufafanuliwa. Palestina iliingia FIFA mwaka 1998, wakati Umoja wa Mataifa mpaka leo haijapewa uanachama kamili. Kwa hiyo uwanjani ndipo bendera inapopanda na wimbo unapigwa kama wa watu wengine. Sisi CAF, shirikisho la soka la Afrika, walitupa uanachama Machi 2017 wakatunyang'anya Julai mwaka huohuo. Nilikuwa nimeshamwahidi binti yangu jezi.

Mtaniuliza kwa nini nisitaje ushindi wao wa Dublin. Tarehe 15 Mei 2024, siku ya kuikumbuka Nakba, yaani kufukuzwa kwa Wapalestina makwao mwaka 1948, waliwafunga klabu ya Bohemians 2–1 uwanja wa Dalymount Park, mechi yao ya kwanza Ulaya. Niliiangalia kwenye simu na nilifurahi. Ila walikuwa wageni wa watu, nyumbani ligi zilikuwa zimesimama tangu Oktoba 2023, na hakuna aliyetoka jikoni Al-Ram akaenda kuwashangilia kwa miguu. Swali lenu mmeuliza sare, nami ile ya 2009 ndiyo yangu.

Mume wangu, Simba wa kufa, ameisoma barua hii kabla sijaituma na anasema nimemsaliti. Naye aandike yake.

Msomaji wenu, Unguja