Mabaka meusi usoni baada ya kujifungua

Mama mdogo, hayo mabaka meusi uliyoniuliza, ya mashavuni na juu ya mdomo, yaliyobaki miezi minne baada ya kujifungua ni ya kawaida. Homoni za mimba huchochea ngozi itoe rangi nyingi, kisha jua linamalizia kazi. Kwa wengi hufifia polepole ndani ya miezi kadhaa, wengine huchukua zaidi ya mwaka.

Kikubwa ni jua. Paka krimu ya kukinga jua ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi kila asubuhi, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Ukipata yenye rangi kidogo, iliyo na oksaidi ya chuma, ni bora zaidi kwa ngozi zetu, maana hata mwanga wa kawaida unaoonekana hutia weusi. Ongeza kofia au mtandio.

Kwa kuwa unanyonyesha, muulize daktari wa ngozi kuhusu asidi ya azelaiki, dawa ya kupaka inayopunguza weusi. Hiyo haina shida kwa mama anayenyonyesha. Haidrokwinoni, dawa kali zaidi ya kupunguza weusi, isubiri, na isitumike bila daktari.

Mkorogo usiuguse, tafadhali! Krimu hizo za kujichubua nyingi zina zebaki au steroidi kali: uso unang'aa wiki chache, halafu ngozi inakuwa nyembamba na weusi unarudi mbaya zaidi. Ndimu nayo iache jikoni, inaunguza ukitoka juani.

Halafu, umeanza vidonge vya majira, vile vya kupanga uzazi? Navyo huweza kuyachelewesha mabaka kufifia. Waulize kliniki kama kuna njia isiyo na homoni, mfano kitanzi cha shaba.